Kaseti Nne Hadi Matangi Mawili

Kambi ya machimbo,
4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na cherehani nayo nzima, maana nakumbuka ikiharibika yenyewe na wewe huugua. Msalimie Shemeji, na mwanao mwalimu, na jirani yule wa kuazima chumvi kama bado anaazima. Mimi sijambo, isipokuwa uchovu, na uchovu siuhesabu tena kama ugonjwa.

Huku mawe ni yale yale. Mkataba wangu unaisha tarehe 30 Juni na safari hii sitaongeza mwingine. Miaka kumi na tisa inatosha. Chumba changu wameshamwandikia mtu mwingine, amekuja kukipima kwa hatua nikiwa nimekaa kitandani.

Sasa jambo lenyewe. Mpishi wa kambi amestaafu na gari lake nimelichukua mimi. Ni kuukuu, refu, lina mlango mkubwa kwa nyuma. Viti vya nyuma ukivilaza unatandika godoro na mtu analala. Nataka nije nyumbani nalo. Peke yangu, kilomita elfu mbili na mia saba, nikilala humo humo njiani na kupika chai yangu mwenyewe. Nimepiga hesabu ya siku tisa.

Najua utauliza kwa nini nisipande basi. Basi linaniumiza mgongo.

Nahitaji vitu viwili. Kwanza, Shemeji aliipita njia hii kwa lori miaka ishirini na mbili. Aniandikie pa kulala, pa kupata maji, na pa kukimbia. Pili, nishonee mapazia ya vioo vya gari, vipimo nimeviweka humu. Usiweke vifungo wala ndoana. Weka mpira tu, au vitanzi vikubwa. Na lile koti ulilosema utanishonea, nalo liwe hivyo hivyo, bila vifungo.

Mdogo wako.


Nyumbani,
27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imechukua siku kumi na nane, na mimi nimechukua tano za kuisoma, kwa sababu kila nikifika kwenye neno "peke yangu" narudi mwanzo. Sote wazima. Mwalimu amehamishiwa shule nyingine, mbali kidogo, anakuja Jumapili. Jirani haazimi tena chumvi, sasa ni pasi.

Siku hizi Shemeji yako anakaa nyumbani. Nilipomsomea habari yako aliomba karatasi. Tangu siku hiyo kila asubuhi ananawa, anavaa shati safi, anakaa mezani na kuandika njia yako kama mtu aliyeajiriwa. Sijamwona hivyo muda mrefu. Kurasa mbili za kwanza hizi hapa. Kilomita hahesabu, anahesabu kaseti, kama walivyofanya madereva wa malori wa enzi zake. Kaseti moja, pande zote mbili, ni saa nzima, na lori lake lenye mzigo lilikuwa linakwenda hamsini kwa saa. Kwa hiyo akikwambia kaseti nne, ni kilomita mia mbili. Usihofu kwamba kaseti zinatofautiana urefu. Alikuwa na moja tu. Miaka yote ile, kaseti moja. Wenzake walimwita Kobe kwa mwendo wake, lakini naamini walimkimbia kwa sababu ya muziki.

Ukiwa na swali niandikie mimi, usimwulize yeye moja kwa moja. Anachoka.

Sasa na mimi nina langu. Nimeshona nguo za watu miaka thelathini na moja. Wanaoniomba nguo zisizo na vifungo ni wazee sana na watu waliopata kiharusi. Wewe una miaka arobaini na sita. Vifungo vimekukosea nini?

Dada yako.


Kambi ya machimbo,
20 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za Shemeji na karatasi yake. Mwambie nimeibandika ukutani kwa gundi ya ugali wa jana na wenzangu wanakuja kuisoma kama gazeti.

Jumamosi nililala ndani ya gari hapa uani, kwa majaribio. Nimejifunza haya. Miguu yangu ni mirefu kuliko gari, kwa hiyo mtu alale mshazari. Kioo kimoja kiachwe wazi upana wa vidole viwili, ama sivyo asubuhi paa linakudondoshea jasho lako mwenyewe. Jiko la mafuta ya taa liwe nje, chini ya mlango wa nyuma ulioinuliwa, na upepo uwe mgongoni. Kulipokucha wenzangu waligonga kioo wakauliza kama kuna chumba cha watu wawili na chai imo kwenye bei. Sasa wananiita Mwenye Hoteli.

Rejeta inavuja kidogo. Fundi ameitia gundi akasema itanifikisha, lakini aliposema hivyo alikuwa anaangalia pembeni. Ndiyo maana maji ni jambo kubwa kwangu. Ukurasa wa pili wa Shemeji unasema hivi kwa mwisho wa siku ya saba: "Toka kwenye kinu cha unga, kaseti nne, matangi mawili ya maji, mkono wa kulia. Kuna kivuli. Lala hapo." Ni pazuri, kwa sababu kabla yake na baada yake hakuna maji kabisa. Lakini mwisho wa siku ya tatu nako ameandika matangi mawili, kwa maneno yale yale, hata kivuli. Je, yako manne? Au amekosea kunakili? Niulizie taratibu. Nikikosa maji hapo nitabaki barabarani na gari linalochemka, na hapo gari ndiyo nyumba pia.

Mapazia yako tayari?

Mdogo wako.


Nyumbani,
12 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mapazia nimeyatuma kwa mzigo, kitambaa kizito cha bluu, mpira juu na chini. Koti pia, nimetia zipu na kwenye zipu nimefunga pete kubwa ambayo hata ng'ombe angeivuta. Mwalimu alikuja Jumapili, amekonda, anakusalimu. Mvua imenyesha wiki nzima na wateja wote wanataka nguo zao siku moja.

Shemeji yako anaendelea na ukurasa wa tatu. Umekuwa mrefu. Anakusalimu sana.

Barua yako ina doa chini, karibu na sahihi yako. Nilidhani ni wino. Nikalilowesha ukingo, nikajua. Ni damu, na si tone, ni alama ya kidole kizima, mara tatu, kila ulipoushika ukurasa. Mtu aliyejikata anajua amejikata, anasimama, anafunga kitambaa, ndipo anarudi kuandika. Wewe uliendelea kuandika habari za chai na miguu yako mirefu. Na herufi zako zimekuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, wakati hata darasa la tano uliloachia ulikuwa unaandika vizuri kuliko mimi.

Panda basi, mdogo wangu. Hilo gari liuze, au mwachie huyo aliyekipima chumba chako.

Dada yako.


Kambi ya machimbo,
1 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua yako nilitaka kuichana, nimekaa nayo siku nne. Leo ni sikukuu ya wafanyakazi na sisi tusiofanya kazi tena tunapumzika pia, kwa hiyo nitakwambia.

Mashine ya kutoboa mawe inatetemeka, na mtetemo hauishii kwenye mashine. Unaingia mikononi na kukaa. Mwanzoni vidole viliwasha jioni. Baadaye vikawa vinageuka vyeupe asubuhi za baridi, kama mishumaa. Sasa vimekufa ganzi, vyote isipokuwa gumba la kushoto. Desemba walitupima. Muuguzi aliniambia nifumbe macho, atanichoma na sindano, nitaje kidole. Nikataka kuonekana mzima nikasema, cha shahada. Akasema alikuwa bado hajanigusa. Tangu Januari niko kwenye ufagio, nafagia kokoto nilizotoboa mwenyewe. Mkataba hawakuuongeza wao, si mimi.

Shati langu asubuhi linachukua muda wa chai kupoa. Hilo ndilo jibu la vifungo.

Kuendesha naweza. Ganzi imeishia kwenye viungo vya vidole, viganja bado vinahisi, na gari mimi nalishika kwa viganja. Lakini sitakudanganya kwamba siogopi. Naogopa. Ila nilikuja huku na mikono mitupu, na hiyo mikono ndiyo waliyoitaka. Basi litanishusha stendi kama furushi la mtu, na wewe utakuja kunipokea, na kila mtu ataona. Nataka nifike nimeshika kitu, Dada. Hata kama ni usukani.

Mimi nimesema yangu. Sasa sema yako. Dereva wa tangi la dizeli linalokuja hapa kambini anaipita njia yote hiyo kila mwezi, mwaka wa nne huu. Nilimwonyesha karatasi ya Shemeji. Alianza kwa kucheka, halafu akaacha kucheka, na hiyo ya pili ndiyo iliyonitia hofu. Siku ya tano Shemeji ameniambia nikate kushoto kwenye njia panda. Kushoto ni kivuko, na kivuko kilikufa walipojenga daraja. Ningefika kwenye maji jua likizama. Na matangi anasema hakuna, si ya siku ya tatu wala ya saba. Hajawahi kuyaona.

Nilikuuliza juu ya matangi, ukanijibu habari za mvua. Shemeji ana nini?

Mdogo wako.


Nyumbani,
20 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Sina salamu nyingi leo. Sote tuko kama utakavyosoma.

Shemeji yako anasahau. Si kusahau miwani. Mwaka jana alianza kuniita kwa jina la marehemu dada yake. Halafu akawa anachukua funguo za lori na kusimama getini kusubiri mzigo upakiwe, na lori tuliliuza miaka sita iliyopita. Mwalimu anajua, jirani anajua, ndiyo maana anakuja kila siku, pasi ni kisingizio. Wewe sikukwambia kwa sababu uko mbali na ungefanya nini.

Barua yako ya kwanza ilipokuja, aliamka. Alitaja madaraja, alitaja milima na gia za kuipanda. Mimi nikajiambia, basi huu ndio muujiza, na kila alipokosea nilijiambia amechoka. Nilijua matangi yameandikwa mara mbili kabla hujaniuliza. Nilinunua asubuhi zake kwa njia yako. Hilo ndilo kosa langu na sitalipunguza.

Nimefanya hivi. Nimechukua karatasi zote tatu, zile mbili kwa nakala nilizobaki nazo, nikaenda stendi kuu siku tatu mfululizo, nikakaa na madereva wa mabasi, mmoja baada ya mwingine, hadi wakanipa jina la Mama Ramani na kuniwekea kiti. Walichokiri nimekiacha kwa wino. Walichokikataa nimekikata kwa penseli. Utashangaa ni vingi kiasi gani alivyopatia. Kivuko nimekikata, utapita darajani, kulia. Matangi nimeyakata, ya siku ya tatu na ya siku ya saba, hakuna hata mmoja aliyeyajua. Beba maji yako mwenyewe, madumu manne, usibishe.

Shemeji yako aliona nimeyakata. Alinishika mkono, akawa ananijua kabisa, mimi ni nani na yeye ni nani. Akasema, "Haya ya kwanza kata. Haya mengine usikate. Mimi nimelala pale." Kisha akalia. Nimeacha mstari wa penseli, lakini nimeufifisha.

Habari ya mikono yako. Nimeisoma nikiwa nimeshika mkasi na nimeuweka chini. Siwezi kukuzuia, ulipokuwa mdogo sikuweza na sasa siko hata karibu. Ila fanya siku kumi na mbili, si tisa. Kaseti nne na nusu kwa siku, basi. Usiwashe gari mpaka jua limepasha paa na vidole vimerudi rangi yake. Nakutumia kava ya usukani, nimeishona kwa kitambaa kigumu na nimepitisha kamba nene ndani yake, ili viganja vipate kitu cha kushika. Kwa juu kabisa nimetia kipande chekundu, ujue magurudumu yamenyooka bila kutegemea mkono.

Niandikie popote utakapopata mtu anayekuja huku. Sitalala vizuri mpaka nisikie honi. Shemeji yako alikuwa anapiga tatu kwenye kona ya kiwanda cha matofali ili niteleke chai. Piga hivyo hivyo.

Dada yako.


Njiani, siku ya tisa,
9 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Barua hii namkabidhi dereva wa basi aliyesimama kunisaidia, anasema anamjua Mama Ramani. Atafika kesho kutwa, mimi siku moja baada yake, nikijaliwa.

Niliondoka tarehe moja kama tulivyopatana. Wenzangu walisimama mstari getini na kuniuliza funguo za vyumba nimemwachia nani. Nimefuata wino wako bila kuongeza wala kupunguza. Kila asubuhi nakaa kwenye godoro na mikono kwapani, nasubiri jua. Mara mbili nimekaribia kulia kwa hofu. Siku ya sita mvua ilinikuta mteremkoni, viganja vikateleza, nikakiangalia kile kipande chako chekundu mpaka nikafika chini. Zaidi ya hapo sitaki kukieleza, kimenifikisha.

Siku ya nne nilipita mahali pa matangi ya kwanza. Nyasi tu. Nikashuka, nikatafuta dakika chache kwa ajili yake, hakuna kitu. Nikasema moyoni, basi, maskini Shemeji.

Leo nimetoka kwenye kinu cha unga saa mbili na nusu asubuhi. Nilipokaribia kilomita mia mbili rejeta ikaanza kuchemka. Madumu yako manne yalikuwa yamebaki moja na nusu. Dada, nilisimama pale hakuna gari linalopita, moshi unatoka mbele, nikajaribu kufungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa na sikuweza hata kujua kama nimekishika. Nikakaa chini kwenye kokoto. Nikafikiria kila ulichoniambia juu ya basi.

Ndipo nikaona upande wa kulia mawe mawili yaliyopakwa chokaa zamani, na njia iliyoota majani inayozunguka kilima. Barabara mpya wameipitisha mbele ya kilima. Ile ya zamani inapita nyuma. Nikaifuata kwa miguu.

Yapo. Matangi mawili ya chuma, yana kutu, moja limetoboka na moja zima, limejaa maji ya mvua. Na kivuli kipo. Kulikuwa na mama mmoja anafua nguo, baba yake ndiye aliyekuwa mlinzi hapo malori yalipokuwa yanalala. Alinionea huruma, akauliza nani aliyenielekeza, maana huku watu hawaji tena. Nikamwambia, shemeji yangu, alikuwa dereva, aliitwa Kobe.

Akaliacha shati kwenye beseni. Akasema, "Yule wa kaseti moja? Yuko hai?" Nikamwambia yuko hai. Akasema kaseti ile ameichoka mpaka leo, na akaanza kuiimba, maneno yote, huku akinijazia madumu.

Basi lilikuja baadaye, dereva amenifungulia kifuniko na kunikazia mpira wa maji. Gari limepoa. Nitalala hapa kama nilivyoagizwa. Kabla ya kuandika nimeweka kiganja kwenye lile tangi zima, upande wa jua. Kutu sikuihisi, vidole havikusema lolote. Lakini lilikuwa na joto, na joto nililihisi.

Mwambie Shemeji matangi yapo. Mkono wa kulia, kaseti nne kutoka kinuni, hazikuzidi hata wimbo mmoja. Akisahau mwambie tena. Mimi nikifika nitakupokea zamu.

Mdogo wako.